Adabu za Kujadiliana Katika Mambo ya Dini



Mtu aingiapo katika Jumuiya ya Ahmadiyya, au hata aanzapo tu kuulizia habari zake, jambo la kwanza limkutalo ni mjadala. Kabla hajayafahamu vizuri yale masharti kumi ya baiat, tayari jirani amekwisha kumwuliza kwa nini ameacha njia ya wazee wake, mwenzake wa kazini amemletea karatasi iliyojaa maswali, na ndugu zake wamemkalisha kitako usiku kucha. Naye, kwa kuwa moyo wake una joto la kweli aliyoipata, humjibu kila mtu, kila mahali, kwa sauti yoyote imjiayo. Mwezi huu tumeona inafaa tuzungumze nawe juu ya jambo hili. Wako watu waliotukimbia wala hawakurudi, na sababu haikuwa udhaifu wa hoja zetu. Hoja zilikuwa nzuri, lakini zilirushwa kama mawe.

Kwanza tuitazame amri yenyewe. Katika Sura An-Nahl, aya ya 126, Mwenyezi Mungu anamwagiza Mtume s.a.w. awaite watu kwenye njia ya Mola wake kwa hekima na kwa mawaidha mema, kisha akijadiliana nao, ajadiliane kwa namna iliyo bora kabisa. Uangalie vizuri mpango wa maneno hayo. Mawaidha yametakiwa yawe mema, basi. Lakini ulipofika mjadala, wema peke yake haukutosha, ikatakiwa namna ipitayo zote kwa ubora. Hekima yake si ngumu kuiona. Anayepewa mawaidha huwa ameketi kusikiliza, bali anayejadiliwa huwa amekwisha shika ngao yake. Mtu wa namna hiyo hafikiwi kwa wema wa kawaida.

Hapa niingize neno dogo ambalo limewaaibisha wageni wengi. Katika Kurani Tukufu yenye tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa na Jumuiya yetu mwaka 1953, Bismillahi iliyo mwanzo wa sura huhesabiwa kuwa aya ya kwanza. Misahafu mingi iliyo mikononi mwa Waislamu wengine haiihesabu hivyo, isipokuwa katika Sura Al-Fatiha. Kwa hiyo aya tuiitayo sisi ya 126, mwenzako ataikuta kwake ni ya 125. Sura At-Tauba haina Bismillahi mwanzoni, na humo hesabu ni moja kwetu na kwao. Nimepata kumwona kijana aliyetaja nambari ya aya kwa majivuno mbele ya watu, msahafu ukafunguliwa, ikaonekana aya nyingine kabisa, watu wakapiga kelele kwamba Waahmadiyya wana Kurani yao. Kisa kizima kilikuwa ni tofauti ya moja. Basi kabla hujataja nambari, mweleze mwenzako jinsi tunavyohesabu, au usome naye katika msahafu wake mwenyewe. Njia hii ya pili ni bora, maana mtu huliamini jicho lake kuliko kidole chako.

Sasa nikusimulie habari moja iliyotukia Batala, mji ulio karibu na Qadian katika Punjab, yapata mwaka 1868 au 1869. Wakati huo Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. alikuwa hajadai lolote, wala hapakuwa na Jumuiya. Maulvi mmoja, Muhammad Husain wa Batala, alikuwa amerejea kutoka masomoni Delhi, na baadhi ya mawazo aliyokuja nayo yaliwachukiza watu wa mji. Wakatafuta mtu wa kumshinda. Mmoja wao akamshika Hadhrat Ahmad a.s. kwa kumsihi sana, naye akakubali kwenda. Walifika jioni, wakamkuta Maulvi msikitini pamoja na baba yake, na watu wamekusanyika kutazama mapambano.

Seyidna Ahmad a.s. hakuanza kwa kushambulia. Alitaka kwanza ayajue anayoyasema Maulvi kwa kinywa chake. Maulvi akaeleza. Hadhrat Ahmad a.s. akasikiliza hadi mwisho, akaona kwamba katika maelezo yale hamna la kupingwa. Basi akasema hivyo waziwazi, akauacha mjadala kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Jiweke katika nafasi yake. Nyuma yako wapo watu waliokuleta, wamekwisha jigamba mjini kuwa wamepata bingwa. Mbele yako yupo mtu ambaye atadhaniwa amekushinda bila hata kupigana. Wanaotazama wamekuja kwa ajili ya ngoma, wewe unawaambia kwamba ngoma haipo. Wale waliomleta walifadhaika na kukasirika. Lakini yeye mwenyewe ameeleza katika Barahin-e-Ahmadiyya kwamba usiku wa siku ile alipata ufunuo kuwa Mungu ameridhika na tendo lake hilo, na kwamba atambariki sana, hata wafalme watatafuta baraka katika nguo zake.

Fikiri, ndugu yangu. Ahadi hii kubwa, ambayo Waahmadiyya huitaja kila mara kwa furaha, haikutolewa baada ya ushindi wa mjadala wowote. Ilitolewa baada ya mjadala ulioachwa. Nasi twajua kwamba baadaye Maulvi yuleyule akawa mpinzani mkali wa Hadhrat Ahmad a.s., hata akazunguka kukusanya fatwa za kumwita kafiri. Hilo halikuubatilisha uadilifu wa ile jioni. Hadhrat Ahmad a.s. alipima maneno yaliyosemwa siku ile, hakumpima msemaji kwa yale ambayo angeweza kuyafanya kesho.

Nakuomba uishike habari hii, kwa sababu mengine yote nitakayoyaeleza yanatoka humo. Ukienda katika mjadala huku umekwisha kuamua kwamba mwenzako hawezi kusema neno la kweli hata moja, umekwisha kuiacha dini yako mlangoni. Katika Sura Saba, aya ya 25, Mtume s.a.w., ambaye hakuwa na chembe ya shaka, aliagizwa awaambie wapinzani wake kwamba ama sisi ama ninyi, mmoja wetu yuko katika uongofu na mwingine katika upotevu ulio wazi. Akauacha mlango wazi ili waingie wapime. Na aya ifuatayo ina adabu inayostaajabisha. Inapotaja upande wa Waislamu, inataja makosa yao, kwamba ninyi hamtaulizwa juu ya makosa yetu. Inapotaja upande wa makafiri, haisemi makosa, inasema tu matendo, kwamba nasi hatutaulizwa juu ya mnayoyatenda. Neno zito tulijitwike sisi, neno jepesi tuwape wao! Ni nani kati yetu afanyaye hivyo barazani?

Kusikiliza mpaka mwisho

Utba bin Rabia, mmoja wa wakuu wa Makureshi, alimwendea Mtume s.a.w. akiwa peke yake karibu na Kaaba, akampa mashauri ya kumtia mtu hasira: kama unataka mali tutakukusanyia, kama unataka ukubwa tutakufanya mkuu wetu, na kama umepatwa na maradhi ya pepo tutakutafutia mganga. Mtume s.a.w. hakumkatiza. Alimwacha aseme yote. Utba aliponyamaza, Mtume s.a.w. akamwuliza kama amemaliza, tena akamwita kwa jina la heshima, Abul Walid. Utba alipokubali kuwa amemaliza, ndipo akamwomba naye asikilize, akamsomea mwanzo wa Sura Ha Mim As-Sajda. Utba akakaa, mikono nyuma, akasikiliza. Aliporudi kwa wenzake, walisema uso aliorudi nao si ule aliokwenda nao, naye akawashauri wamwache mtu yule.

Utba hakusilimu. Aliuawa Badr akiwa upande wa maadui. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu baadhi yetu hudhani kuwa adabu ni mtego, na mtego usiponasa huona adabu ilipotea bure. Mtume s.a.w. alimsikiliza Utba kwa sababu kumsikiliza mtu ni haki yake.

Nawe ujizoeze kumwuliza mwenzako kama amemaliza. Kisha umrudishie maneno yake kwa ufupi, umwulize kama ndivyo alivyokusudia. Mara nyingi atasema sivyo, nanyi wote wawili mtakuwa mmeokoa saa nzima ya kugombania jambo ambalo hakuna aliyelisema. Wala usipaze sauti. Katika Sura Luqman, aya ya 20, Mungu anatuonya tuishushe sauti, na anatutajia sauti ya punda kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Watu wetu wa Kiswahili wamelijua jambo hili tangu zamani katika malumbano ya mashairi. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa mbashiri wa Jumuiya yetu na mshairi mkubwa, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na katika sheria hizo hamna hata moja isemayo kwamba aliyepotewa na vina ataokolewa na kelele.

Kipimo kimoja

Mwaka 1895 Hadhrat Masihi Aliyeahidiwa a.s. alipendekeza kwa serikali ya Bara Hindi kanuni mbili za mijadala ya dini, wakati ambapo vitabu vya matusi vilikuwa vikitoka kila upande, Wakristo, Waarya na Waislamu wakichafuana. Ya kwanza, mtu asiitie dini nyingine ila ambayo imo pia katika vitabu vyake mwenyewe vya dini. Ya pili, kila kundi litangaze vitabu linavyovikubali, na mpinzani asilete hoja kutoka nje ya vitabu hivyo. Kama watu wangezifuata kanuni hizi mbili, nadhani robo tatu ya mabishano ya dini yangekwisha siku ileile.

Tuzijaribu kwa mifano ya kwetu. Mkristo humtia ila Mtume s.a.w. kwa kuwa alioa wake wengi, ilhali Biblia yake yamtaja Yakobo na Daudi na wake zao, naye awaheshimu. Hoja hiyo imeanguka kwa kanuni ya kwanza. Mwislamu naye humcheka Mkristo kwamba amempandisha Yesu mbinguni na mwili wake wa nyama, kisha jioni msikitini huhubiri kwamba Nabii Isa a.s. yu hai mbinguni na mwili wake. Hii nayo imeanguka. Lakini tusichekelee upesi. Na sisi je? Nimewasikia Waahmadiyya wakilalamika, tena kwa haki, kwamba wapinzani hukata nusu ya sentensi katika vitabu vya Hadhrat Ahmad a.s. na kuificha nusu ya pili. Kisha mmoja wao akachukua kitabu cha mwanazuoni mwingine akasoma mistari miwili iliyomfaa, akakifunga. Nilipomwuliza ukurasa uliofuata unasema nini, alikuwa hajaufungua. Haifai! Kama hujaisoma habari yote, huna ruhusa ya kuisomea watu nusu yake.

Kwa kanuni ya pili, mfano uliozoeleka sana ni ile inayoitwa Injili ya Barnaba. Vijana wengi wa Kiislamu wakiipata hujiona wamepata bunduki, kwa kuwa Mtume s.a.w. ametajwa humo kwa jina. Lakini kitabu hicho hakimo katika Biblia ya kanisa lolote. Nakala iliyotumiwa kukitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1907 imeandikwa kwa Kitaliano. Mkristo akikuambia kwamba hakitambui, amesema kweli, na hapo huna la kumjibu. Kwa nini uende huko, na hali katika Injili nne anazozikubali mna sala ya Yesu katika Gethsemane, mna ishara ya Yona katika Mathayo, sura ya 12, na mna maneno ya Yesu kuhusu kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli? Mtu hushawishika kwa lile alilolikubali tangu utotoni. Lile analolikana humpa nafasi ya kukukimbia.

Kanuni hizi Seyidna Ahmad a.s. alizifuata yeye mwenyewe kabla hajawatakia wengine. Katika mjadala wa Amritsar, uliofanyika kuanzia 22 Mei hadi 5 Juni mwaka 1893 kati yake na Abdullah Atham aliyewasimamia Wakristo, alishika sharti kwamba kila upande utoe dai lake na hoja ya dai hilo katika kitabu chake kitakatifu. Tena maneno yaliandikwa kwa imla na kusomwa, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakusema. Siku moja Wakristo walileta kipofu, kiwete na mgonjwa mwingine, wakamwambia kwamba kama yeye ni Masihi, awaguse wapone. Wasikilizaji wakashika pumzi. Akajibu kwa utulivu kwamba yeye hakuiamini miujiza ya Masihi kwa namna hiyo ya dhahiri. Bali Injili yao ndiyo isemayo kwamba mwenye imani kiasi cha chembe ya haradali atafanya makubwa, basi wagonjwa wameletwa, na wenye Injili wawaponye. Hakuwatukana. Aliwarudishia kitabu chao wenyewe, nao wakawaondoa wale wagonjwa upesi.

Miaka mitatu baadaye, katika mkutano mkubwa wa dini uliofanyika Lahore Desemba 1896, wasemaji wa dini mbalimbali waliulizwa maswali matano: hali za mwanadamu za mwili, tabia na roho, hali yake baada ya kufa, shabaha ya maisha yake, athari ya matendo katika maisha haya na yajayo, na njia za kupatia maarifa ya Mungu. Kila mmoja alitakiwa aeleze uzuri wa dini yake pasipo kuishambulia ya mwenzake. Hotuba ya Hadhrat Ahmad a.s. ilisomwa na Maulvi Abdul Karim wa Sialkot r.a., kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuhudhuria. Muda ulipokwisha hotuba haijafika mbali, Maulvi Abu Yusuf Mubarak Ali akatoa nafasi yake ili isomwe, na mwishowe ikaongezwa siku ya nne, tarehe 29, ili watu waisikie yote. Hotuba hiyo ilijengwa juu ya Kurani Tukufu tangu mwanzo hadi mwisho. Mhindu, Sikh na Mkristo waliketi wakasikiliza, kwa sababu hapakuwa na aliyepigwa kofi.

Waheshimiwa wa wengine, na majina ya watu

Katika Sura Al-An'am, aya ya 109, Mungu anatukataza kuwatukana hata wale wanaoabudiwa badala Yake, wasije wenye kuwaabudu wakamtukana Mungu kwa uadui, bila kujua. Kama sanamu lisilo na roho limehifadhiwa na ulimi wetu kwa ajili ya moyo wa mwenye kuliheshimu, itakuwaje kwa viongozi wa dini, masheikh, mapadre, na wazee waliozikwa? Katika Madina Mwislamu alimpiga Myahudi sokoni kwa kuwa Myahudi yule aliapa kwa Yeye aliyemchagua Musa juu ya walimwengu. Myahudi akaenda kushtaki kwa Mtume s.a.w. mwenyewe, na jambo hili pekee latosha kukuonyesha alivyojulikana kwa uadilifu. Mtume s.a.w. akawaambia Waislamu wasimfanye kuwa bora kuliko Musa. Sisi twaamini kuwa yeye ni mbora wa Manabii wote. Lakini hakutaka ubora wake uwe fimbo ya kumpigia jirani.

Kadhalika majina. Wengi wetu tumekwisha kuitwa Makadiani na Mamirzai, nasi twajua jinsi jina usilolikubali linavyochoma. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kuitana kwa majina ya kejeli. Basi na wewe usimwite Mwislamu mwenzako kwa jina la kikundi ambalo yeye mwenyewe hulikataa. Mwite kwa jina ajiitalo.

Juu ya kicheko cha watu

Nitasema habari yangu, ingawa si ya kujivunia. Nilipokuwa mgeni katika Jumuiya, nilikuwa na mjomba wangu, mwalimu wa Kurani, ambaye ndiye aliyenifundisha alifu na bee. Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa barazani kwake, na vijana wa mtaa wamejaa. Aliniuliza kwa nini nasema Nabii Isa a.s. amekufa. Nikamsomea aya ya 118 ya Sura Al-Maida, ambamo Isa a.s. mwenyewe anamwambia Mungu kwamba alikuwa shahidi juu ya watu wake muda aliokuwa nao, na Mungu alipomfisha, Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wao. Nikamwuliza, kama hajafa, basi Wakristo hawajapotea bado? Mzee akatafuta jibu. Vijana wakaanza kucheka. Badala ya kunyamaza, nikaongeza swali la pili, na la tatu, kwa kuwa kile kicheko kilinipendeza. Akakunja mkeka wake akaingia ndani.

Hatukusemeshana kwa muda wa miaka miwili. Hatimaye mzee mmoja wa Jumuiya alinikalisha akaniambia kwamba nina deni. Nikaenda. Sikwenda kuikana aya wala imani yangu, nilikwenda kumwomba radhi kwa namna niliyoitumia. Mjomba akanijibu, “Mwanangu, aya yako niliisikia usiku uleule. Lakini kile kicheko ndicho kilichoniziba masikio. Ungenijia peke yako asubuhi, tungeisoma pamoja.” Tukaisoma asubuhi ile. Hakujiunga na Jumuiya mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, wala sijui ingekuwaje kama ningemwendea kwanza kwa adabu. Swali hilo ninalo hadi leo.

Basi usikubali kujadiliana na mtu mzima mbele ya watoto wake, wala na mwalimu mbele ya wanafunzi wake, wala na yeyote mbele ya watu waliokuja kutafuta mchezo. Mwombe faragha. Akikataa faragha na kutaka hadhara tu, huenda hana swali.

Kunyamaza, kuondoka, na kusema sijui

Mtu alimtukana Hadhrat Abubakar r.a. mbele ya Mtume s.a.w. Abubakar akanyamaza, na Mtume s.a.w. akawa anatabasamu. Matusi yalipozidi, Abubakar akajibu sehemu yake, na hapo Mtume s.a.w. akasimama akaenda zake. Abubakar akamfuata kuuliza sababu, akaambiwa kwamba alipokuwa kimya malaika alikuwa akijibu kwa niaba yake, bali alipojibu mwenyewe, shetani aliingia, na Mtume s.a.w. hakai pamoja na shetani. Nimeona wengi wakiisoma hadithi hii na kuisifu, kisha wakamfukuza malaika siku ileile.

Ikiwa dini inafanyiwa mzaha, Sura An-Nisaa, aya ya 141, inatuamuru tusikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Twatakiwa tuondoke, wala hatukuambiwa tupige. Tena amri hiyo ina mpaka wake. Wakiisha kubadili mazungumzo, rudi ukae nao, ule nao, uwasaidie kwenye msiba. Anayenuna mwaka mzima hakuifuata aya hiyo, aliifuata hasira yake.

Na jambo usilolijua, sema hulijui. Sura Bani Israil, aya ya 37, inatuambia kwamba sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Imam Malik wa Madina husimuliwa kuwa aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu kwamba hajui. Wewe uliyesoma vijitabu vitatu, unaona haya ya nini? Liandike swali, umwahidi mwenzako siku utakayomletea jibu, umpelekee mwalimu au mbashiri wako, na siku hiyo uende kweli, hata kama jibu ni fupi. Wako watu walioingia katika Jumuiya hii kwa sababu tu mtu alirudi na jibu siku aliyoahidi.

Neno la mwisho ni kwako wewe ambaye hujajiunga nasi, unatafuta tu. Haya yote tuliyowaambia wenzetu ni deni lako juu yetu. Njoo na maswali yako yameandikwa, uje na msahafu wako au Biblia yako mwenyewe, usitegemee yetu. Una haki ya kumaliza maneno yako kabla hujajibiwa. Una haki ya kuonyeshwa kitabu chenyewe pamoja na ukurasa wake, na kukichukua nyumbani ukasome peke yako. Mmoja wetu akikucheka, au akimtukana unayemheshimu, mwambie palepale kwamba amevunja mafundisho ya Imamu wake, kisha umwulizie mwalimu wa mahali hapo, uende kwake na swali lako lilelile.